Rudisheni Maharage Mezani

Mwenye tumbo la kusumbua hapa kwetu hakosi mshauri. Atampata nyumbani, kwenye daladala, duka la dawa, msikitini baada ya swala, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Na ushauri wenyewe, upitie mdomo gani, huishia pale pale: acha. Acha maharage. Acha ndimu na pilipili. Acha kabichi, acha chai ya rangi, acha dagaa, acha vya kukaanga. Miezi michache baadaye tumbo likiwa bado linaunguruma, orodha huongezwa: ngano, mayai, ndizi mbivu, mihogo. Anayeendelea kuumwa huambiwa kwamba hajaacha vya kutosha.

Makala haya yanaipinga orodha hiyo. Chakula kinahusika na tumbo la namna hii, tena sana, na nitaeleza kinahusika vipi. Ninachokipinga ni kwamba orodha yetu imechukua kipande kimoja cha tiba ya kweli, ikatupa vipande viwili vilivyobaki, na kumwacha mgonjwa na njaa, hofu na tumbo lile lile.

Ninaouzungumzia ni ugonjwa ambao madaktari wanauita IBS. Tumbo linauma mara kwa mara, maumivu yanakwenda pamoja na choo, choo kinakuwa kigumu kama cha mbuzi au chepesi cha kukimbizana nacho, tumbo linajaa hadi kanga haifungiki, na bado vipimo vyote vinarudi safi. Vigezo vinavyotumika duniani tangu 2016, viitwavyo Roma IV, vinataka maumivu ya angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi 6 nyuma. Ni ugonjwa wa kweli. Hauui, lakini unaweza kumfungia mtu ndani miaka.

Wanachosema wao

Tuwatendee haki kwanza. Wanaoamini orodha wanaamini walichokiona. Mtu anakula maharage saa moja jioni, saa nne usiku tumbo limevimba na linauma. Akiyaruka siku mbili tatu, analala vizuri. Kutokana na hapo wanajenga hoja yao: tumbo huumizwa na kinachoingia ndani yake, ukiondoa kinachoumiza, utapona, ukiendelea kuumwa, basi kuna kingine hujakiondoa.

Sayansi nayo haiwaachi mikono mitupu. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, Peter Gibson na Susan Shepherd, walilipa jina kundi la sukari na wanga mfupi ambao utumbo mdogo hauufyonzi vizuri. Waliliita FODMAP. Wanga huo huvuta maji ndani ya utumbo, na ukifika kwenye utumbo mpana bakteria huuchachusha, gesi ikatoka. Maharage yamo katika kundi hilo. Vitunguu vimo, ngano imo, maziwa yamo, embe limo. Mwaka 2024 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walichapisha matokeo ya wagonjwa karibu 300 waliotibiwa kwa wiki 4. Kati ya waliopunguza FODMAP na kufuata ushauri wa kawaida wa ulaji, asilimia 76 walipata nafuu ya maana. Waliopunguza wanga wa kila aina, asilimia 71. Waliopewa dawa, asilimia 58. Chakula kilizishinda dawa.

Basi hapo hatugombani. Tunagombana juu ya kilichoachwa nje. Mpango wa Monash una hatua tatu. Ya kwanza ni kupunguza, kwa wiki 2 hadi 6 tu. Ya pili ni kurudisha chakula kimoja baada ya kingine, kwa kiasi kinachopimwa, ili ijulikane ni kipi hasa kinasumbua na kuanzia kiasi gani. Ya tatu ni kupanga ulaji wa kudumu wenye vyakula vingi kadiri tumbo linavyoruhusu. Hatua ya kwanza ni kipimo tu. Faida ya mgonjwa iko kwenye ya pili na ya tatu. Orodha yetu ina ile ya kwanza peke yake, na haina tarehe ya mwisho.

1. Hutolewa kabla ugonjwa haujajulikana

Tumbo sugu hapa kwetu lina majina mawili: vidonda vya tumbo na amiba. Mtu akishika tumbo tu, jina limeshatoka, na jina likitoka, vyakula vya kuacha vinafuata.

Chukua vidonda. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waliwaonyesha wenzao bakteria aliyekuwa akiishi tumboni mwa wagonjwa, ambaye leo anaitwa Helicobacter pylori. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Tangu wakati huo inajulikana kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria huyo, au na vidonge vya maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni vinapotumiwa kwa muda mrefu au kupita kiasi. Ndimu haichimbi kidonda. Wala kuchelewa kula hakuchimbi kidonda. Mwenye vidonda vya kweli anatakiwa apimwe bakteria, apewe antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi. Ukimnyima ndimu na kumwachia bakteria, umemwachia ugonjwa wake. Na mwenye IBS aliyebandikwa jina la vidonda anaishi bila ndimu kwa ajili ya kidonda ambacho hana. Pilipili inaweza kumsumbua, hilo ni kweli, lakini ni kwa kuziamsha neva za utumbo, na wapo wanaoila kila siku bila shida.

Amiba nao ni hadithi hiyo hiyo. Kwa kawaida hadubini ya zahanati haiwezi kumtofautisha Entamoeba histolytica, anayeleta ugonjwa, na Entamoeba dispar, anayefanana naye na asiye na madhara. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kumezeshwa metronidazoli mara kadhaa kwa mwaka, kila mara akiambiwa amiba wamerudi, na kila mara anaongezewa chakula cha kuacha.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo, na hapa naomba msomaji asome taratibu. Tumbo linalouma huku kuna damu kwenye choo, au mtu anakonda bila sababu, au ana homa, au damu yake imepungua, au kuhara kunamwamsha usingizini, au dalili zimeanza baada ya miaka 50, hilo si la kutibiwa kwa orodha ya vyakula hata siku moja. Linaweza kuwa saratani ya utumbo, kifua kikuu cha tumbo, au kichocho kwa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria. Kila mwezi ambao mtu huyo anautumia kuacha maharage ni mwezi anaompa ugonjwa wake ukue.

2. Chakula kinashtakiwa kwa kosa la neva

Hii ndiyo hitilafu kubwa zaidi ya hoja yao, na imekwisha kupimwa.

Mwaka 2017 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wagonjwa wa IBS na watu wazima wa afya. Wote walinywa vinywaji vyenye wanga wa kundi la FODMAP, kisha matumbo yao yakapigwa picha kwa mashine ya MRI. Gesi iliyoonekana kwenye utumbo mpana wa wagonjwa haikuzidi ile ya wenye afya. Kilichowatofautisha ni maumivu. Utumbo wa mwenye IBS ulipotanuka kwa kiasi kile kile, yeye aliumia na mwenzake hakuumia. Hata kabla ya hapo, mwaka 1973, daktari wa Uingereza aliyeitwa Ritchie alijaza hewa puto dogo ndani ya utumbo wa chini wa watu: zaidi ya nusu ya wagonjwa walisikia maumivu kwa kiasi cha hewa ambacho karibu watu wote wenye afya walikivumilia.

Maana yake ni kwamba maharage humjaza gesi kila mtu. Hayamfanyii mwenye IBS jambo ambalo hayamfanyii jirani yake. Tofauti iko kwenye neva za utumbo wake, zinazopeleka taarifa kali kuliko inavyostahili. Anayeyafukuza maharage anapunguza kichocheo, na kwa wiki kadhaa hilo linasaidia, lakini neva ziko vile vile. Kesho zitaamshwa na kabichi, kesho kutwa na wali uliozidi sahani. Ndiyo sababu orodha hurefuka kila mwaka na haifupiki kamwe.

Neva hizo huharibikaje? Mei 2000, maji ya bomba ya mji wa Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada, yalichafuliwa na bakteria kutoka kwenye samadi. Zaidi ya watu 2,000 waliugua kuhara. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka, na baada ya miaka 8 takriban watu 15 kati ya kila 100 waliougua walikuwa bado na IBS. Chakula cha Walkerton hakikubadilika. Matumbo ndiyo yaliyobadilika, baada ya ugonjwa mmoja wa kuhara. Kwetu sisi tunaohesabu kipindupindu na kuhara damu kila masika, hili linatuhusu kuliko linavyowahusu Wakanada. Hata hivyo anayeuliza mgonjwa, "Tumbo hili lilianza baada ya nini?" ni nadra. Anayeuliza "Jana ulikula nini?" yupo kila kona.

Kuna jambo la pili linalozigusa neva hizo: hofu, huzuni, kukosa usingizi, deni, ndoa yenye ugomvi. Chuo kile kile cha Monash kilichozaa FODMAP kilichapisha mwaka 2016 jaribio la wagonjwa 74, ambamo tiba ya maneno iitwayo hipnosia, inayoelekezwa kwenye utumbo, iliwapa wagonjwa nafuu ya kiasi kile kile kilichotolewa na ulaji wa FODMAP ndogo. Simwambii mgonjwa kwamba ugonjwa wake ni wa mawazo. Maumivu yake yako tumboni na ni ya kweli. Namwambia kwamba utumbo na ubongo vinaongea muda wote, na anayetibu chakula tu anasikiliza upande mmoja wa mazungumzo hayo.

3. Orodha inajipinga yenyewe

Ikague orodha yenyewe, mstari kwa mstari, na utaona kwamba haina msimamo.

Inakataza maharage kwa sababu yanajaza gesi. Halafu inamwamuru mgonjwa anywe maziwa freshi kila asubuhi "yatulize tumbo." Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na watu wazima wengi wa Afrika Mashariki wamekwisha kupoteza kimeng'enya cha kuisaga. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusu Watanzania, Wakenya na Wasudani kutoka makabila 43. Walikuta kwamba uwezo wa kusaga laktosi ukubwani umeenea zaidi kwa jamii za wafugaji, na kwamba umezaliwa kwetu kwa mabadiliko ya vinasaba yasiyo yale ya Wazungu. Kwa hiyo Mmaasai anaweza kunywa kibuyu kizima na kulala. Mtu ambaye mababu zake walilima au kuvua anaweza kuhara kwa gilasi moja. Orodha haimuulizi mtu ametoka wapi. Inampa maziwa kila mmoja. Mtindi ulioganda vizuri una laktosi pungufu, kwa sababu bakteria wamekwisha kuila sehemu yake, na wengi wanaoshindwa na maziwa freshi huuweza. Nao, katika orodha nyingi nilizoziona, umekatazwa kwa kuwa ni mchachu.

Halafu kitunguu saumu na asali. Ndiyo dawa inayopendekezwa kuliko zote: punje mbili tatu zilizopondwa, kijiko cha asali, kabla ya kula chochote. Kitunguu saumu ni miongoni mwa vyakula vyenye fruktani nyingi kupita vyote, na asali imejaa fruktosi. Mgonjwa aliyekatazwa maharage kwa sababu ya FODMAP anamezeshwa FODMAP tupu, alfajiri, tumbo likiwa wazi, na anaambiwa maumivu yanayofuata ni dawa inapambana na ugonjwa.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni vitunguu maji, kwa sababu hapo ndipo jiko letu lingeweza kumsaidia mgonjwa bila kumnyima kitu. Kila mchuzi wa pwani na wa bara huanza na kitunguu, na kitunguu hakimo kwenye orodha yoyote niliyoisoma. Fruktani ya kitunguu huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye mafuta. Simama karibu na sufuria uone maana yake. Ukikatia vitunguu ndani ya mchuzi wenye maji na kuvichemsha, fruktani inahamia kwenye mchuzi wote, na hata ukivichagua vipande vyote pembezoni mwa sahani umeshainywa. Ukivikaanga kwanza kwenye mafuta makavu mpaka vikawa rangi ya dhahabu, ukavichota vyote kwa mwiko wa matundu, ndipo ukatia nyanya na samaki, ladha ya kitunguu inabaki kwenye mafuta na fruktani nyingi imetoka na vile vipande. Majani ya kijani ya vitunguu vya majani nayo hayana shida hiyo. Kwa mgonjwa aliye kwenye zile wiki chache za kupunguza, hii ni tofauti kati ya mchuzi na maji ya chumvi. Nani aliwahi kuambiwa hivi kwenye duka la dawa?

Na sahani ya kawaida ya nyumbani, ugali wa sembe, samaki, mchicha na nyanya, ni FODMAP ndogo kama ilivyo. Wali pia. Viazi mviringo pia. Chungwa, papai na nanasi pia. Mgonjwa wetu hahitaji unga wa kuagizwa kutoka nje wala maziwa ya lozi. Hatua ya kwanza ya mpango wa Monash inaweza kufanyika Kariakoo kwa bei ya Kariakoo.

4. "Kula nyuzinyuzi nyingi"

Wapo wanaoiacha orodha ya kukataza na kuleta ya kuamrisha: kula dona, kula pumba, kula mboga mbichi, nyuzinyuzi ndizo dawa ya utumbo. Wazo hili lina asili kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, na mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa miongo mitatu, waliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa nadra kwa wagonjwa wao wa Kiafrika. Walihitimisha kwamba siri ni nyuzinyuzi, na katika miaka ya 1970 dunia nzima ikaanza kula pumba.

Burkitt aliona jambo la maana kuhusu watu wenye afya. Wagonjwa wa IBS walilipia kosa la kudhani kwamba kinachomkinga mzima humponya mgonjwa. Mwaka 1994 watafiti wa Manchester waliwauliza wagonjwa wao, na asilimia 55 walisema pumba za ngano ziliwazidishia dalili. Mwaka 2009 Waholanzi walijaribu kwa wagonjwa 275: nyuzinyuzi laini za ispaghula, zinazouzwa pia kwa jina la isabgoli, ziliwasaidia, pumba hazikuonyesha faida ya maana, na waliopewa pumba ndio walioacha mapema kwa wingi kuliko wengine, hasa kwa sababu tumbo lilizidi. Aina ya nyuzinyuzi ndiyo inayoamua. Anayemwambia mgonjwa "kula nyuzinyuzi" bila kutaja zipi anabahatisha juu ya tumbo la mwenzake.

5. Ngano

Hili nitalipita haraka. Wimbi la kuacha ngano kwa sababu ya gluteni limefika mijini kwetu, na mikate ya bei ya ajabu inauzwa kwa jina hilo. Watafiti wa Oslo, Norwe, mwaka 2018 waliwachukua watu 59 walioamini kwamba gluteni inawadhuru, wakawapa vitafunio vyenye gluteni, vyenye fruktani, au visivyo na kimojawapo, bila wao kujua ni vipi. Fruktani ndiyo iliyowasumbua. Chapati moja kwa chai inaweza kuwa sawa kwa mtu ambaye chapati tatu zinamlaza. Na anayeshuku ugonjwa wa siliaki, ambao kweli unahitaji gluteni iachwe maisha, apimwe damu kabla hajaacha ngano, kwa sababu akishaacha kipimo huweza kurudi safi na ugonjwa upo.

6. Gharama isiyoandikwa kwenye orodha

Mama yangu mdogo anakaa Tanga na wajukuu zake. Aliacha maharage, kunde, choroko, mbaazi, mahamri na embe, kwa ushauri wa watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyemuuliza uzito wake. Asubuhi moja nilikaa naye mkekani. Watoto walikuwa wamewekewa mbaazi za nazi na mahamri ya moto. Yeye alikuwa na kikombe cha chai na kiporo cha wali mweupe. Alichovya kidole kwenye bakuli la mbaazi kuonja chumvi, akakifuta haraka kwenye kanga. Nikamwambia, "Mama, kula hata vijiko viwili." Akajibu, "Mwanangu, usinitie majaribuni. Nikila hizi nitalia usiku kucha." Hakuwa ameonja kijiko cha mbaazi kwa miaka, na usiku bado alikuwa akilia.

Hiyo ndiyo gharama. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, pamoja na madini ya chuma ambayo wanawake wetu wanayahitaji kuliko dawa nyingi wanazonunua. Katika nyumba nyingi maharage, kunde na mbaazi ndiyo nyama ya siku sita za wiki. Mwenye fedha akiyaacha, ananunua kuku. Asiye na fedha akiyaacha, anabaki na wanga mtupu, na miezi michache baadaye anaambiwa kizunguzungu chake nacho ni tumbo. Au anapikiwa sufuria yake peke yake, kwa mkaa wake peke yake, na bajeti ya watoto ndiyo inayopunguzwa.

Hata bakteria wa utumbo wanalipa. Wanga ule ule unaotoa gesi ndio chakula cha bifidobakteria, walio miongoni mwa bakteria wenye faida. Watafiti wa King's College London walionyesha mwaka 2012 kwamba wiki 4 tu za ulaji wa FODMAP ndogo ziliwapunguza bakteria hao. Hii ni moja ya sababu zinazowafanya watu wa Monash wenyewe wasisitize kwamba hatua ya kwanza iwe fupi. Mwenzetu aliyeacha kwa miaka mitano anafanya kile ambacho waanzilishi wa tiba hiyo wanakikataza.

Na kuna hofu. Mtu aliyekatazwa vyakula kumi na vitano hualikwa harusini akaenda akiwa ameshakula. Huacha kusafiri. Huacha kula mbele ya wakwe, na wakwe humwona ana dharau. Kila tonge analitazama kwa mashaka, na mashaka hayo hayo ndiyo yanayozikaza neva ambazo tayari zimekaza. Chakula kinamuumiza, na woga wa chakula unamuumiza zaidi.

Katika woga huo ndimo wanamoingia wauzaji wa "kusafisha tumbo". Sanamaki kwa anayehara, mshubiri kwa kila mtu, chupa isiyo na maelezo kwa bei ya mfuko wa unga. Mwongozo wa Uingereza wa kutibu IBS, wa mwaka 2008, unawataka wahudumu wawakataze wagonjwa wa IBS kutumia mshubiri. Utumbo wenye neva kali hauna uchafu wa kusafishwa. Ukiukwangua kwa dawa ya kuharisha, unauamsha.

"Lakini mimi niliacha na nikapona"

Najua barua zitakazokuja, na ninawaheshimu watakaoziandika. Sipingi kwamba mlipata nafuu. Ninauliza ilitoka wapi. IBS hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huacha chakula wakati amezidiwa, na wakati wa kuzidiwa mara nyingi hufuatwa na kutulia. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Boston waliwapa wagonjwa wa IBS vidonge visivyo na dawa yoyote, na wakawaambia waziwazi kwamba havina dawa. Asilimia 59 walipata nafuu ya kutosha, ukilinganisha na 35 ya wale ambao hawakupewa kitu. Kama kidonge kitupu kinafanya hivyo, basi kuacha nyanya nako kunaweza.

Na kama kweli ni maharage, niambieni: ni maharage kiasi gani? Sahani iliyojaa au vijiko vitatu? Yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakachemshwa kwa maji mapya, au yaliyotiwa sufuriani makavu na kupikwa kwa maji yale yale hadi mwisho? Wanga wa maharage unaoleta gesi huyeyuka kwenye maji, na sehemu yake huondoka ukimwaga. Je, mlijaribu tena baada ya mwezi? Asiyewahi kujaribu tena hajui kama anaumwa na maharage. Anachojua ni kwamba anayaogopa.

Kwa hiyo nawaomba, madaktari na wauguzi, msimwandikie mtu chakula cha kuacha bila kumwandikia tarehe ya kukirudisha. Mama zangu na dada zangu mnaoshauri majirani, ulizeni kwanza kuhusu damu, kukonda na homa, na mkisikia ndiyo, mpelekeni mtu hospitali.

Na wewe uliyeacha, kama vipimo vyako viko safi na hizo dalili za hatari huna, chagua chakula kimoja tu wiki hii. Kikiwa maharage, yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe hadi yalainike kabisa. Siku ya kwanza kula vijiko viwili vya mezani pamoja na chakula ulichokizoea. Siku ya pili vijiko vinne. Siku ya tatu nusu kikombe. Andika kila jioni tumbo lilivyokuwa. Likikataa siku ya tatu, kipimo chako ni vijiko vinne, na vijiko vinne ni haki yako. Pumzika siku mbili tatu, kisha chukua chakula cha pili.